Jina Lililotajwa Bondeni

Jua lilikuwa limezama nyuma ya miamba myekundu Verna Etsitty alipotoka kuwatafuta kondoo. Walikuwa wamepenya uzio tena, kutoka ardhi ya kabila lake, Wanavaho wa Marekani, hadi ardhi ya serikali, utadhani majani ya serikali yametiwa chumvi.

Aliwakuta karibu na nyumba ya mjomba wake. Mjomba alifia humo ndani, wakatoboa ukuta wa kaskazini wakamtolea hapo kama ilivyo mila, na nyumba ikasuswa. Hakuna anayeingia. Hakuna anayelitaja jina la mwenyewe, maana kumtaja marehemu ni kumwita; nami silitaji, msinibembeleze.

Ila Verna alikuwa amelitaja mchana uleule. Mtu wa kamati ya hifadhi alimwambia wazi kwamba bonde lisipothibitishwa kuwa lilikaliwa na watu, litaachwa nje ya mpaka na wachimba madini ya urani watarudi. Vumbi la urani ndilo lililommaliza mjomba kifua. Angefanya nini, maskini? Aliielekezea nyumba midomo, akamtaja mwenyewe.

Sasa kondoo walisimama kimya, wote wakilitazama lile tundu.

Harufu ya tumbaku ikamfikia. Kisha kikohozi... kikavu, cha kukwaruza.

Alikijua kikohozi kile.

"Umeniita," sauti ikanong'ona.

 Verna aliwaacha kondoo akatimua mbio. Kikohozi kilimfuata hadi uzioni...

Kikavuka.

Nyumbani, bibi yake alikuwa akimimina kahawa, redio ikiongea Kinavaho. Alipomwona anavyohema, aliweka birika chini.

"Umemtaja?"

"Walitaka jina, Bibi. Ningenyamaza bonde liende?"

"Kawaambie walifute."

"Wakilifuta, bonde limekwenda."

Bibi hakumgombeza, na hilo lilimtisha Verna kuliko yote. Machozi yalimlenga tu mzee wa watu. Yule alikuwa mwanawe wa kwanza.

Redioni, mtangazaji alianza kusoma sehemu zinazopendekezwa kuhifadhiwa. Mto fulani. Mwamba fulani. Kisha bonde la...

Akalisoma jina lote la mjomba.

Kikohozi kikasikika mlangoni.

Verna aliirukia redio akaizima. Kimya. Akashusha pumzi. Halafu, kutoka ng'ambo ya korongo, redio ya jirani ikalitaja tena.

Kitasa kikazunguka taratibu.

"Ana baridi huyo," Bibi alinong'ona, akainuka kumfungulia.

Verna akamshika sketi kwa mikono miwili, akilia. Matangazo yale yangerudiwa asubuhi.