Pua ya Mchumba Wangu Ilimponza Baba

Umri wangu kwa hesabu ya Wazungu siujui. Nilizaliwa mwaka ule sotoka ilipowamaliza ng'ombe wetu. Wasichana niliocheza nao wana watoto wawili wawili sasa, mimi bado nakamua ng'ombe wa baba yangu hapa Kimandolu. Na sababu ni sigara... Ndiyo, wasomaji wenzangu, sigara!

Kuandika nimefundishwa misheni. Nikikosa adabu humu msimlaumu mwalimu wangu, hasira ni zangu mwenyewe.

Jina lake Lembris. Alikuwa boi wa mezani kwa Bwana mmoja Mjerumani mwenye shamba la kahawa, si mbali na kwetu. Kazi yake ilikuwa kufuta sahani. Angebaki na sahani zake, leo nisingekuwa na la kuwaambia! Lakini Bwana alimpandisha cheo, akampa kazi ya kutunza sigara.

Msidhani nasema hizi nyembamba za karatasi. Hapana. Ni zile nene kama ndizi changa, majani matupu yaliyoviringwa, zinazokuja kwa meli kutoka visiwa ambavyo hata Bwana mwenyewe hajavifikia. Lembris alizihifadhi kwenye sanduku pamoja na kipande cha gome la mgomba kilicholoweshwa maji, maana kiangazi cha hapa huzikausha zikapasuka. Alizikata ncha, akaziwasha, akamshikia Bwana kisahani cha majivu. Bwana akishatosheka, kipisi kilichobaki kilikuwa cha Lembris.

Hapo ndipo mtu wangu alipoharibika. Masikini akipata, matako hulia mbwata!

Alianza kunusa kila kitu. Akipewa maziwa, ananusa kwanza. Akipewa nyama, anafumba macho. Aliwakuta vijana malishoni na misokoto yao ya tumbaku ya kienyeji, akawakaripia kama mnyapara: "Msivute kama mnakunywa uji! Moshi unakaa mdomoni, unauonja, unauacha utoke wenyewe!" Akawaeleza ipi inafaa asubuhi, ipi baada ya nyama, ipi ya kumpa mgeni. Watu wasio na hata shati, anawachagulia sigara ya kumpa mgeni!

Safari moja Bwana alikwenda naye kuwinda Momela. Aliporudi tulimzunguka tusikie habari za faru na nyati. Mnajua alisema nini? Alisema hewa ya kule ziwani inaifaa sana sigara ya jioni. Basi! Faru hakumwona.

Nami nilimpenda, nisiseme uongo. Aliniambia nina harufu nzuri kuliko jani la kisiwa fulani, nikacheka siku nzima. Sigara hizo huvaa kikaratasi chekundu kiunoni chenye picha ya mama wa Kizungu aliyevaa hereni. Siku moja alikivua kimoja akanivika kidoleni. Akasema Ulaya mchumba huvikwa pete, na hii ndiyo yangu. Nilikificha kwenye kitambaa kama mali... Pete ya karatasi! Iliyotoka kwenye kitu cha kuchomwa moto! Hivi sisi wanawake tunapofushwa na nini?

Ikafika siku ya posa.

Kwa sisi Waarusha, anayeposa hutangulia na tumbaku. Mama wa msichana huisaga na magadi, wazee wa ukoo huinusa, na kila aliyenusa amekuwa shahidi. Baba mzazi hunusa wa mwisho, siku ile mposaji anapoleta asali. Baba akishanusa, msichana si wake tena. Watu wengine huja na mganda wa majani makavu kutoka sokoni, na mambo yanakwisha.

Lembris alikuja na sigara.

Alizileta zimefungwa kwenye gome la mgomba, mbichimbichi, kikaratasi kimevuliwa. Alisema Bwana amempa kwa utumishi mwema, tukamwamini. Kabla hata ya kuketi vizuri, alisimama mbele ya wazee akaanza kufundisha. Kwamba unaiviringa karibu na sikio usikie jani linavyosema. Kwamba majivu hayakung'utwi, yanaachwa yarefuke, na urefu wake ndio heshima ya mvutaji. Kwamba moshi haumezwi, unapulizwa nje.

Baba mdogo Loishiye, mdogo wake baba, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza kwa upole, "Kwa hiyo unaununua ili uutupe?"

Wazee walicheka mpaka wakakohoa. Lembris hakucheka. Alituangalia kama mtu aliyeingia zizini na viatu vipya.

Mama yangu hakuwa na habari na majivu marefu. Kwake tumbaku ni tumbaku. Alizichukua sigara zile, akazipasua, akazianika juu ya moto mpaka zikakatika kwa vidole, akazitia magadi, akasaga. Lembris alishika kichwa. "Yeyo! Mama, unaziua!" Nawaambia, machozi yalimlenga. Siku ambayo mama yangu angekufa, sidhani angelia vile.

Wazee wakanusa. Wakapiga chafya. Loishiye akafuta pua, akasema, "Sasa imekuwa tumbaku."

Fungu la baba likatiwa kwenye kipembe chake cha ugoro, lisubiri siku ya asali. Hapo Lembris, kwa ile tabia yake mbaya, akainama akapeleka pua kwenye kipembe aone kama harufu imesalimika. Mama akamsukuma kifuani.

"Wee! Toa pua yako! Mposaji hanusi tumbaku yake. Akiinusa, kajiposa mwenyewe!"

Watu wakacheka, nikacheka na mimi. Lembris akanong'ona kwamba sisi ni washenzi. Nilimsikia. Nikajidai sikusikia...

Sasa sikilizeni jinsi mkosi ulivyoingia.

Nyumba yetu ilikuwa ikipeleka maziwa jikoni kwa Bwana. Mimi nabeba kibuyu, baba anatangulia na fimbo yake. Asubuhi moja, baada ya posa na kabla ya asali, tulipofika tu mnyapara akamshika baba mkono, akampeleka barazani. Loishiye alikuwa ameongozana nasi, akafuata. Nami nikafuata na kibuyu changu.

Bwana alikuwa mwekundu kama nyanya. Sigara zake alizowawekea wageni wa kuwinda zilikuwa zimepungua. Lembris alisimama nyuma ya kiti, kanzu nyeupe pe, kisahani cha majivu mkononi. Alikuwa ameulizwa yeye kwanza, naye akajibu kwamba asubuhi zote jikoni hupita mzee mmoja wa maziwa, na kwamba mzee huyo ameonekana na tumbaku isiyo ya kawaida.

Mchumba wangu! Aliyeniita jani la kisiwa!

Baba akavuliwa kipembe shingoni. Bwana akainusa ile tumbaku, ikampanda, akapiga chafya mara nyingi akatukana kwa lugha ya kwao. Magadi yalikuwa yamefunika kila kitu. Hakujua kama ni sigara yake au ni ugoro wa kawaida wa bibi kizee. Nilimwona anasitasita. Wallahi angetuachia twende zetu!

Akamgeukia Lembris. "Wewe nusa."

Wasomaji wenzangu, ilimtosha kusema neno moja tu. "Sijui." Angesema "sijui, Bwana, hii ni ya kienyeji," nani angembishia? Baba angerudi nyumbani. Yeye mwenyewe angeokoka. Asali ingekuja, nami ningekuwa mke wake mpaka leo.

Lakini aliulizwa mbele ya watu, juu ya jambo pekee duniani analojidai kulijua...

Akaweka kisahani chini. Akakipokea kipembe kwa vidole viwili. Akafumba macho, pua ikafunguka, akanusa polepole. Mara ya pili akanusa tena, kwa raha, nilimwona! Akatabasamu.

"Bwana, ni ile ya kisiwa. Ile yenye mama wa hereni. Wameiharibu kwa magadi na moshi wa kuni, lakini jani ni lile lile."

Bwana akampiga begani kwa kumsifu. Na yule mpumbavu akafurahi! Uso uling'aa kama amepewa ng'ombe!

Baba hakupaza sauti. Alisema, "Tumbaku hii umenipa wewe, Lembris. Ndiyo uliyomposea binti yangu."

Lembris akamtazama Bwana, hakumtazama baba. Akasema mzee huyu anasema uongo, yeye hawezi kuposa kwa watu wa namna hii.

Watu wa namna hii...

Baba yangu alilazwa chini pale pale, mbele ya ngazi. Mnyapara akachukua kiboko. Bwana akachagua sigara, akaiwasha. Na Lembris, wenzangu, Lembris aliokota kisahani chake akasimama mahali pake. Kiboko kinashuka mgongoni mwa baba, yeye anaangalia majivu yasije yakaanguka kwenye suruali ya Bwana. Nililia mpaka sauti ikakauka. Loishiye alinishika nisikimbilie kiboko. Maziwa yalimwagika yote, hakuna aliyeyajali.

Tulimbeba baba mpaka nyumbani. Alilala kifudifudi, mama akimpaka mafuta ya kondoo, nami nikimfukuzia nzi. Maziwa yetu yakakataliwa jikoni kwa Bwana, na watu walioona tukio bila kujua kisa wakaanza kutuita wezi. Mzee aliyekuwa akiamua kesi za wenzake sasa anaogopa kupita njia kuu! Mnaweza kufikiri hapo ndipo mwisho wa ujinga wa yule mtu.

Hamumjui.

Alikuja na asali!

Alikuja mchana kweupe, amefanywa mkubwa wa maboi, viatu miguuni. Alisema ya barazani yalikuwa mambo ya kazi, na wakubwa wanajua kazi haina undugu. Kisha akatoa sigara mfukoni, nzima, akamwekea baba karibu na kichwa. Akamshauri, wallahi akamshauri, kwamba hii ni laini, haikwaruzi koo, inamfaa sana mgonjwa.

Mama alishika mchi. Nilimzuia, na mpaka leo najuta kumzuia.

Lakini wazee waliitwa, na hapo moyo wangu ukaanguka. Mila ni mila. Tumbaku ilisagwa kwenye jiwe la mama, wazee waliinusa, walikuwa mashahidi. Mmoja wao alisema kwa huzuni kwamba msichana ambaye tumbaku yake imesagwa hapokei nyingine. Akikataa, anakaa bure nyumbani mpaka azeeke. Lembris alitikisa kichwa kukubali, mila aliyoiita ushenzi sasa ameiona tamu! Nilijiona tayari niko nyumbani kwake, nikipuliziwa moshi usoni, nikiambiwa huu ni wa asubuhi na huu ni wa jioni. Afadhali kaburi...

Baba akainua kichwa kutoka kwenye ngozi. Sauti yake ilikuwa ndogo, tukasogea.

"Fungu langu mimi limenuswa na nani?"

Wazee wakatazamana. Baba hakuwa amenusa. Kipembe kilibaki barazani kwa Bwana.

"Loishiye, ulikuwepo. Aliyelinusa fungu langu ni nani?"

Uso wa Loishiye ukaanza kubadilika, mabega yakatikisika. "Bwana alinusa akapiga chafya, huyo si wa ukoo," alisema. "Baada yake alinusa huyu. Mara mbili! Macho kayafumba!"

"Basi," baba akasema, "mposaji kainusa tumbaku yake mwenyewe, mbele ya mashahidi. Binti yangu hajaposwa. Lembris kajiposa. Beba asali yako, layoni, nenda ukajioe."

Kumwita mwanamume aliyetahiriwa layoni, mtoto asiyeingia jando! Lembris akawa kama amemwagiwa maji. Akaanza kusema sisi hatuelewi, kule barazani ilikuwa kazi, kunusa kule hakukuwa kunusa... Wazee walishaanza kucheka. Hata baba alicheka, na kila akicheka mgongo ulimuuma, akalia na kucheka pamoja.

Nikaingia ndani nikafungua kitambaa changu. Nikatoka na pete ya karatasi. Nikamshika mkono Lembris, nikamvika kidole chake mwenyewe, mbele ya watu wote. Nikamwambia, "Hongera, bwana harusi. Mkapendane."

Mpaka leo akipita njiani watoto humwuliza kama mke wake hajambo. Hajaoa. Wazazi wa pande zote za mlima wanajua kwamba ana mwenyewe. Na mimi bado sijaposwa, maana lile jina la wezi halijatutoka.

Msinielewe vibaya. Baba yangu bado ananusa ugoro, na akipata mzuri humgawia jirani bila hotuba. Sina ugomvi na tumbaku. Ugomvi wangu ni na mtu anayejifunza ladha moja ya mkubwa wake, kisha akaona ndugu zake wote wananuka. Mtu huyo usimpe binti, usimpe siri, usimgeuzie hata mgongo.

Dada zangu mnaosoma, nawasihi! Akija kwako kijana wa kukufundisha kuvuta, kunusa na kuonja, usiangalie ulimi wake unavyojua kusifu. Muulize swali moja tu: siku mkubwa wake akimwuliza, ataweza kusema "sijui" ili kumwokoa baba yako?

Tangu kiboko kile, baba yangu hukaa bila kuegemea ukuta. Wageni wakimwuliza kwa nini haegemei, husema ndivyo alivyozoea.