Betri za Dakika Moja

Kila Ijumaa, Kidoti akirudi kutoka shule humkuta shangazi yake ameshamwaga betri mezani. Shangazi huongoza wageni pangoni, na zile taa sita za kofia ndizo macho yao huko ndani. Kila taa hula betri tatu. Kazi ya Kidoti ni kuzichagua: zilizochajiwa pamoja zikae pamoja, kuukuu zisichanganywe na mpya, kisha kila taa iwashwe saa nzima, ionekane kama itadumu.

Ijumaa hiyo alikuwa hoi. Mdogo wake alikuwa na homa tangu Jumanne, nyumba nzima haikuwa imelala vizuri, na shuka alizofua zilikuwa zimemwacha na maumivu ya mgongo. Isitoshe, yule mdogo alikuwa amezichezea betri, mafungu yote yamevurugika. Kidoti akazitazama, akapiga mwayo. Akachomeka zilizokuja mkononi, akawasha taa ya kwanza. Pwaa! Nyeupe kabisa. Akahesabu dakika moja, akazima. Ya pili hivyo hivyo, mpaka ya sita.

"Umeziwasha saa nzima, mwanangu?" Shangazi aliuliza kutoka kitini, macho ameyafumba, kijiko cha dawa bado mkononi.

"Ndiyo, Shangazi."

Asubuhi Kidoti alibeba mfuko wa kofia hadi mlangoni mwa pango. Mwalimu mmoja alikuwa akisubiri na wanafunzi wake wanne.

"Mwalimu, huko ndani kuna choo?" mmoja aliuliza. Wenzake wakaangua kicheko.

Mdogo kuliko wote hakucheka. Kidoti alipokuwa akimfunga mkanda wa kofia, alimnong'oneza, "Dada, taa ikizimika huko ndani inakuwaje?"

"Huoni hata mkono wako," Kidoti alijibu kwa mazoea. Halafu akageuka haraka. Shangazi alikuwa ameshainama kuingia.

"Shangazi, ngoja!"

"Nini tena? Hii miguu ikisimama sana itagoma."

"Sikuziwasha saa nzima. Dakika moja moja tu. Na betri nilizichanganya."

Shangazi hakufoka. Alijishusha juu ya jiwe kama gunia. "Haya, kaeni wote. Washeni taa, tungoje."

"Tumekuja kuona pango, sasa tunatazama kofia!" alilalamika yule wa choo.

"Funga domo, hesabu dakika," Mwalimu akamwambia.

Dakika ya ishirini na mbili, taa moja ikazimika ghafla, bila hata kufifia. Dakika ya arobaini ikazimika nyingine. Ilikuwa juu ya kichwa cha yule mwanafunzi mdogo. Kidoti akaangalia chini, machozi yakamtoka.

"Hizi za kuchaji haziagi," Shangazi alisema. "Zinawaka vizuri mpaka mwisho, halafu giza. Sasa hivi tungekuwa tunatambaa kwenye ule mlango mwembamba wa huko ndani kabisa."

Alitoa pakiti mpya ya akiba, akabadilisha betri za taa zile mbili mwenyewe, polepole. Saa nzima ilipotimia, taa nyingine nne zilikuwa bado zinawaka. Ndipo akamvuta Kidoti karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Kuchoka si kosa. Mimi mwenyewe nimechoka mpaka kwenye kucha. Ungeniambia, 'Shangazi, leo siwezi,' tungefanya pamoja, au wageni wangekuja siku nyingine. Kosa ni kuniambia kazi imekwisha wakati hujaifanya. Watoto hawa ningewaingiza gizani kwa neno lako."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimeshakusamehe. Umeona aibu, na bado umesema tukiwa huku nje. Hilo nalo nimeliona." Akamgeukia Mwalimu. "Betri zilizochanganywa siziamini kwenda mbali. Leo tutaishia chumba cha kwanza, kule mwanga wa mlangoni unakofika. Kwingine mtarudi wiki ijayo."

Mwalimu akakubali. Shangazi akampa Kidoti mkono ili amnyanyue kutoka jiweni.