Plaki Kando ya Moshi

Tangu alipovuka ziwa kutoka Kongo, Angèle alikuwa akikausha samaki kwa moshi hapo kijijini Kabuta. Moto ndio uliomlisha. Basi alipopata plaki, lile bamba jeusi linalotoa umeme kwa jua, aliiegemeza wapi? Kando ya tanuri la samaki! Maskini mama wa watu, hakuwa mjinga. Hakuna aliyemwelekeza.

Wiki hiyo roho yake yote ilikuwa kwenye simu. Binti yake Priscille, aliyebaki ng'ambo kule Pweto, angejifungua siku yoyote. Na simu ilikuwa imeishiwa chaji, imezima tangu jana.

Asubuhi jirani yake Idah, fundi wa umeme wa jua, alikuja kununua samaki. Alisimama, akashika kiuno.

"Bamayo, mama yangu, mbona muliweka plaki ku moshi?"

"Si inakula moto ya jua? Leo mawingu ni mingi. Nikasema niiongezee moto."

Idah alicheka mpaka machozi. Kisha akamshika mkono kwa upole.

"Hapana, mama. Inakula mwangaza, haikule moto. Mwangaza ikiipiga, ndani umeme inaamuka, inatembea mu waya mupaka ku betri. Moto mingi inaichokesha. Na haya masizi inaifunga macho."

"Na mawingu?"

"Mwangaza inapita kidogo. Si unaniona hata na haya mawingu?"

Walifuta masizi kwa kitambaa laini chenye maji. Wakaifunga plaki juu ya paa, mbali na kivuli, imeinama kidogo kuelekea kaskazini, kwa kuwa huku jua hupita zaidi upande huo. Chini yake wakaacha nafasi ya upepo. Idah akaunganisha waya kwenye betri na simu, akachagua samaki wake, akaomba wakaushwe vizuri, akaenda zake.

Mchana mawingu yakaachana. Saa nane Idah aliporudi kuchukua samaki wake, simu ikawaka. Angèle hata hajakaa, ikaita.

"Mama! Nakutafuta tangu asubui!" Sauti ya Priscille ilikuwa imechoka, lakini ina furaha. "Sikia."

Mtoto mchanga akalia, sauti nyembamba, kali. Angèle akabana simu sikioni kwa mikono miwili, machozi yakamtiririka.

"Bamayo!" Idah akapiga kelele. "Samaki yangu inaungua!"

"Wacha iungue!" akasema Angèle. "Nasikia mujukuu yangu."