Nyasi za Susu

Kila Jumamosi asubuhi, jua lilipokuwa halijapanda juu ya mapaa ya mtaa wa Buruburu, Nairobi, Nthoki alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kujaza pipa kabla maji ya mfereji hayajakatika. Ya pili ni kumfuata baba yake kokote aendako. Ile ya kwanza aliifanya huku amenuna. Ya pili, hakuna aliyehitaji kumtuma.

Jumamosi hiyo ya Julai 1994, baba yake, dereva wa lori aliyeitwa Mativo, alisimama uani akikuna kichwa. Susu, yaani nyanya yake Nthoki, alikuwa amepasuliwa goti huko Machakos. Daktari alimwagiza atembee kila siku mahali laini, pasipo na mawe. Baada ya wiki tatu angekuja kukaa nao. Nao ua wao ulijaa changarawe na vizibo vya soda.

"Hapa Susu ataumia hata lile goti zima," Mativo alisema. "Twende tukamtafutie nyasi, mama."

"Mama" huyo alikuwa Nthoki mwenyewe, mtoto wa darasa la sita. Alipewa jina la nyanya yake huyo, mama mzazi wa Mativo, na kwa desturi ya Wakamba, baba yake alimwita mama. Siku za kawaida jina hilo lilikuwa tamu. Siku za makosa lilikuwa zito.

Kando ya Barabara ya Jogoo, Bwana Kweyu, muuza miche, alikuwa amepanga vipande vya nyasi vilivyokatwa pamoja na udongo wake, kila kimoja ukubwa wa mkeka wa mlangoni. Nthoki alikimbilia kilichokuwa kibichi kuliko vyote.

"Baba, hiki!"

"Kigeuze," Mativo alisema.

Chini ya kipande kile kulikuwa na udongo kiduchu na mizizi ya kuhesabu. Mativo akageuza kingine ambacho majani yake hayakuvutia. Huko chini mizizi ilikuwa mingi, myeupe, imeshikana.

Kweyu alicheka. "Mzee, wewe umenipata! Wengine wote hutazama juu tu. Hii ndiyo nyasi, tena inapenda jua. Ilazeni leo leo, isingoje kesho. Na wewe msichana, maji yafike chini. Ukilowesha majani tu, umeinawisha uso lakini hujainywesha."

Siku hiyo walifanya kazi mpaka migongo ikauma. Waliokota mawe, wakalima, wakasawazisha udongo kwa reki na kuulowesha. Kisha wakapanga vile vipande kwa kupishanisha maungio, kama fundi apangavyo matofali, wakavikandamiza kwa ubao.

"Kila jioni ndoo sita," Mativo alisema. "Siku ukivuta pembe na pembe ikakataa, ujue nyasi imeshika. Mimi nina safari za Mombasa, na mama yako Wavinya anarudi kutoka kazini akiwa amechoka. Kazi hii ni yako. Naweza kukuamini?"

"Ndiyo, Baba."

Siku tatu za kwanza Nthoki alibeba ndoo zote sita. Siku ya nne, Everline wa nyumba ya pili alichungulia getini akiwa na bladda, ule mpira mrefu wa kuruka, mkononi.

"Niaje, Nthoki! Si ukuje turuke? Hizo nyasi hazitatoroka."

Nthoki alitazama pipa, akatazama bladda. Akachota maji ya kikombe kimoja, akayanyunyiza kwa vidole huku na huku, majani yakang'aa. Mama yake aliporudi, aliona matone akamsifu. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa pia, na siku zote zilizofuata. Baridi na mawingu ya Julai vilimsaidia kuficha, maana majani hayakukauka upesi. Baba alipopiga simu kwa jirani kuuliza habari za nyasi, Nthoki alijibu, "Nanyunyizia kila siku." Hilo halikuwa uongo, lakini pia halikuwa kweli, naye alilijua hilo vizuri.

Asubuhi ya siku ya Susu kufika, Nthoki alivuta pembe ya kipande kimoja. Kikanyanyuka chote kama kifuniko cha sufuria. Akakirudisha upesi, akakikanyaga.

Adhuhuri Susu alifika, mwembamba kuliko zamani, mkongojo mkononi. Alipoona ua alishika mdomo, akamgeukia mwanawe aliyemleta.

"Mwanangu Mativo! Umeniletea shamba Nairobi?"

Alivua viatu hapo mlangoni, akainua mguu wa goti bovu. Nthoki aliona kitakachotokea: kipande kingeteleza, na Susu angeanguka nacho.

"Susu, usikanyage!" alipiga kelele. "Nyasi haijashika! Sikuinywesha. Nilikuwa nalowesha majani tu, ili mdhani nimefanya kazi."

Mativo aliinama, akavuta, kipande kikaja mkononi. Chini yake udongo ulikuwa mkavu, umepasuka. Alimgeukia Nthoki kwa hasira, akafungua kinywa, "Ma—" halafu akakwama. Utamgombezaje mama yako mbele ya mama yako?

Susu ndiye aliyecheka kwanza. "Mwache. Angetaka kujificha, angeniacha nianguke." Kisha uso wake ukawa mkavu. "Lakini ndoo sita ni ndoo sita. Nileteeni kiti hapa barazani."

Kwa wiki tatu Susu alifanyia mazoezi yake ndani, kwenye sakafu ya simenti, akishika ukuta. Kila Nthoki aliposikia mkongojo ukigonga, tok, tok, alitamani ardhi immeze. Jioni alibeba ndoo bila kukumbushwa, na Susu akihesabu kutoka kitini. Vipande vinne vilikufa, wakaving'oa. Hata Everline alianza kubeba ndoo moja, kwa aibu.

Jumapili moja baada ya kanisa, Nthoki alivuta pembe. Haikusogea. Akavuta kwa mikono miwili. Ikakataa kabisa!

"Susu! Imeshika!"

Susu alivua viatu, akashika bega la mjukuu wake, akakanyaga. Hatua moja, ya pili, ya tatu. Nyasi ilitulia chini ya nyayo zake.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Njia ya mwongo ni fupi, na yako iliishia hapa mlangoni. Kazi ya kuonekana na watu ni majani. Kazi ya kweli iko chini, ambako hakuna anayekutazama. Siku ile ulisema kweli ingawa ilikuuma, ndiyo maana bado nina magoti mawili. Umebeba jina langu. Usiliweke chini tena."

"Sitaliweka, Susu."

"Haya. Sasa ondoa bega, nitembee mwenyewe."

Nthoki aliliondoa bega lake polepole, na Susu akaenda peke yake hadi ukutani, akarudi.