Unga wa Pole Tuliupika Ziwani

Nina umri wa miaka arobaini na moja. Naishi Daudi, wilaya ya Mbulu, na nimesoma mpaka kidato cha nne. Nina mke, watoto watatu, shamba la vitunguu saumu na kiti kimoja cha kamba ambacho kimeshachukua umbo la makalio yangu. Nayasema haya mapema ili mjue mnamsoma nani. Mimi si mtu wa safari. Mke wangu Magdalena husema nikifa watanizika nusu, maana nusu nyingine itakataa kutoka barazani.

Mnaweza kucheka. Mimi nilicheka miaka mingi, mpaka uvivu wangu ukaninyang'anya mama.

Simsemi aliyenizaa. Huyo alifariki nikiwa na miaka tisa, na mdogo wake akanichukua, akanilea kwake Jorodom, pale mjini Katesh. Namwita Mama Mdogo. Alinisomesha kwa kuuza maziwa. Mtoto wake wa mwisho, Odilia, alizaliwa nikiwa kidato cha pili, na mimi ndiye niliyekuwa nambembeleza kila mama yake alipokwenda sokoni.

Mwaka ule Mlima Hanang uliposhusha matope na mawe, Odilia alikuwa amelala kwa rafiki yake, na nyumba ile haikuonekana tena.

Mimi sikwenda kuzika...

Nilikuwa na sababu, tena nzuri. Mvua. Barabara. Mgongo. Nilipiga simu, mtandao ukakatika, nikajiambia nimejaribu. Wiki ikapita, ukapita mwezi, kisha nikaanza kuona aibu kwenda, na aibu ikawa sababu mpya. Kila Magdalena aliponikumbusha nilimjibu kwamba tukimaliza kuvuna nitakwenda. Kwangu mimi mavuno hayaishi, kama mnavyoweza kuelewa.

Kwetu jambo hili lina taratibu zake. Kama hukuzika, siku ya kwanza kuingia nyumba ile unaingia kana kwamba msiba ni wa jana, hata ikipita miaka. Huulizi habari za mashamba. Unaketi chini, unatoa ulichobeba, unga au sukari, unalia au unanyamaza, mpaka mwenye nyumba akuambie inuka. Baada ya hapo wewe ni mtu wake tena. Kabla ya hapo una deni la machozi, na kila mtu anajua.

Mwezi wa saba mwaka jana akaja Fausti, mdogo wake Magdalena, kutoka Arusha. Alikuja na gari, Haisi kuukuu aliyoigeuza nyumba. Ndani kulikuwa na godoro, pazia la maua, jiko la gesi, na sinki ambalo halikuunganishwa na maji yoyote duniani. Ubavuni alichora mlima wenye minazi. Mlima wenye minazi, jamani. Alifuatana na rafiki yake Neema, dada ambaye sikuwahi kuuona uso wake wote kwa mara moja, maana nusu ilikuwa nyuma ya simu.

"Shemeji," Fausti akaniambia, "watu siku hizi hawakai nyumbani. Nyumba inatembea na wewe."

"Na choo?" nikamuuliza.

"Choo ni nchi nzima, shemeji."

Nilipaswa kurudi kwenye kiti changu saa ileile. Lakini waliniambia wanazunguka Mbulu na Hanang, na nikaona hapo pana mteremko. Nitapelekwa Katesh bila kupanda basi, bila kupanga, bila kuamua! Mtu mvivu hapendi kitu chochote kuliko aibu yake kubebwa na gari la mwenzake.

Nikatoa sharti moja. Kwanza Jorodom, nikatoe pole, halafu watanipeleka wanakotaka. Fausti akaapa. Magdalena akapima unga wa mahindi, akafunga sukari na kitenge cheusi, akaviweka nyuma ya kiti. Akaniambia, "Baba Regina, hivi ni vya Mama Mdogo. Usiviache machoni pa hawa." Yeye alibaki na watoto na ng'ombe. Wakati mwingine nadhani alijua.

Tulipita Mbulu mjini, tukapita Dongobesh, na kila kwenye kilima Neema alitaka tusimame. Anashuka, anaiambia simu, "Hamjambo familia yangu," kisha anapanda. Familia yake hiyo hakuna aliyewahi kumwomba chumvi. Mimi niliambiwa nisimame mlangoni mwa gari nikitazama mbali. Nikasimama. Nikatazama mbali. Nilikuwa kama mbuzi anayesubiri mnunuzi.

Tulipofika Haydom Fausti akasema tukate tupitie Ziwa Basotu, tulale siku moja tu, kuna viboko. Nikamkumbusha kiapo. Akasema Katesh haiendi popote, shemeji. Na mimi, badala ya kushuka na kutafuta basi, niliuliza kama godoro lina upande wa dirishani.

Siku moja ikawa tatu. Viboko walitutazama mara moja, wakaona hatuna maana, wakazama. Upepo wa mashamba ya ngano ulipita ndani ya Haisi kama unalipa kodi. Siku ya pili chakula chao kikaisha, maana walikuwa wamebeba biskuti, taa za rangi na spika, lakini si chakula. Neema akapata samaki kwa wavuvi. Fausti akapekua nyuma ya kiti.

"Shemeji, kumbe tuna unga!"

Nikamwambia huo ni wa pole.

"Tutanunua mwingine Katesh. Unga ni unga."

Unga ni unga... Nani alimfundisha mtu huyu? Lakini msinisaidie kumtukana yeye peke yake. Ugali ulipoiva nilikuwa wa kwanza kunawa mikono. Nilikula unga wa kumlilia Odilia, nikaongeza, na kesho yake sukari yake ikaingia kwenye chai, nikasema haijakolea.

Tuliingia Katesh Jumapili mchana. Nikaomba tusimame dukani. Fausti akasema jua linapendeza sasa, mlima unaonekana wote, tupige picha kwanza halafu dukani. Alikunja kona ya Jorodom bila kunisubiri, spika zikiimba. Watu waliokuwa wanatoka kanisani walisimama pembeni kutuangalia. Nilinyoosha mkono nizime muziki, nikabonyeza pasipo, ukazidi.

Mama Mdogo alikuwa mlangoni akichambua maharage. Amezeeka kuliko miaka yake. Mkono wake mmoja ulisimama juu ya ungo alipoona minazi ile ikisogea.

Neema alitangulia. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikafika mimi. Mikono mitupu, hata kitenge nilikisahau garini, harufu ya samaki. "Shikamoo Mama Mdogo."

Akanitazama. Akasema, "Karibuni wote."

Kwetu mkubwa haiachi shikamoo hewani. Nimeona watu wenye kesi mahakamani wakiitikiana. Ya kwangu haikuitikiwa.

Magoti yaliniambia nikae chini. Lakini Neema alikuwa ameshainua simu, na mimi, mjinga wa wajinga, niliona haya kukaa vumbini mbele ya watu nisiowajua. Mama Mdogo akaleta viti. Kwangu akaleta kile chenye kitambaa, cha padri na mwenyekiti wa mtaa. Katika nyumba ile mimi nilikuwa nakaa kwenye kinu! Akatuletea maandazi, na chai kwenye vikombe vya kabatini, akanikaribisha niongeze, mgeni usione haya.

Neema akamwuliza siku ile ya matope alijisikiaje. Mama Mdogo akamjibu, kwa upole, neno moja moja, kama anamwelekeza mpita njia. Mimi nilikuwa namsikia kwa mara ya kwanza akisema jinsi alivyomtambua mwanawe kwa gauni. Alikuwa anaiambia simu.

Kisha Neema akanigeuzia. "Na huyu kaka, mama, ni nani wako?"

Alikunywa chai kwanza.

"Huyo amekuja na ninyi," akasema.

Fausti hakuona kitu. Ndani ya gari alinipiga bega akaniambia mama yako mkarimu sana. Neema aliirusha video jioni ileile, na muziki juu yake. Mimi nimo. Natafuna maandazi.

Wiki mbili baadaye nilipanda basi peke yangu. Unga mpya, sukari mpya, kitenge. Nilikaa chini mlangoni, na nililia, kwa sauti, mtu mzima mimi. Mama Mdogo alitoka.

"Inuka," akasema. "Pole yako nilionyeshwa na jirani kwenye simu yake. Niliiona yote."

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe. Inuka, usichafue suruali."

Alipokea mzigo kwa mikono miwili, akashukuru kama tulivyowaona watu wakishukuru misaada. Kisha, nikiwa nimesimama pale, akamwita jirani akampa unga wote. Saa ya basi ilipofika alinisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono, akaniambia nisalimie huko kwangu. Mtoto wa nyumbani hasindikizwi, ndugu zangu. Anaambiwa funga mlango vizuri ukitoka.

Sasa nakwenda kila baada ya miezi miwili. Bado nakalishwa kwenye kiti cha kitambaa.

Najua wewe unayesoma una nyumba moja ambayo hujaikanyaga tangu walipozika. Unasubiri mavuno, likizo, gari la shemeji. Nakuomba, usisubiri. Ona aibu leo, panda basi baya kesho, shuka na unga wako mwenyewe, kaa chini vumbini wakuone watu wote. Ukichelewa utasamehewa kama mimi, na utapewa chai kwenye kikombe cha kabatini.