Bastola ya Maji ya Bomba

Kila alasiri baada ya shule, Sindano alimsaidia mama yake, dobi wa mtaa, kuanika mashuka uani. Waliompa jina hilo hawakukosea: alikuwa mwembamba, na ukimgusa anachoma.

Siku hiyo alianika huku akisaga meno. Asubuhi Bomba, mtoto wa seremala jirani, alikuwa ameirushia ramani ya Sindano maji ya bastola. Ramani aliyoichora kwa wiki mbili! Mito ilifurika, milima ikayeyuka, na Bomba akacheka mpaka akakaa chini.

"Leo atanitambua," Sindano alinong'ona.

Bastola ilikuwa juu ya ukuta, mwenyewe kaenda kucheza mpira akiwa na shati lake jipya jekundu. Sindano aliichukua, akamwaga maji, akaijaza dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Aliona raha, tena raha tele. Bomba akirudi angemrushia, shati lile lingejaa mabaka, na safari hii angecheka yeye.

"Sindano! Njoo unishikie shuka!" mama aliita.

Aliiweka bastola kwenye benchi, akaenda. Shuka moja tu. Alipogeuka, mdogo wake wa miaka minne alikuwa ameinyakua, kaachama, mdomo wa bastola ukielekea kooni. Joto likizidi, watoto wote wa mtaa hunywa hivyo.

"Usinywe!" Sindano aliruka, akaipiga kofi. Dawa ikamrukia yeye, ikamchora mstari mweupe kwenye sketi ya bluu ya shule.

Mama alikuja mbio. Alimkagua mtoto mdomo, akamshukuru Mungu, kisha akanusa sketi.

"Nani katia dawa humu?"

Kumsingizia Bomba kulikuwa rahisi, na ulimi ulimwasha. Lakini mdogo wake alikuwa analia.

"Ni mimi, mama. Nilitaka kumkomoa Bomba, kaiharibu ramani yangu."

Mama alimnawisha Sindano kwa maji mengi, kisha akaenda kumweleza seremala habari ya ramani. Kesho yake seremala alimleta Bomba na karatasi mpya. Bomba aliomba radhi, wakachora ramani pamoja, ingawa Sindano alimkazia macho mpaka mto wa mwisho.

"Mama, sketi yangu utaitia rangi?" aliuliza walipobaki peke yao.

"Siitii. Utaivaa hivyo hivyo, ikukumbushe. Hasira hasara, mwanangu. Bomba alikosa, na amelipa kwa kuchora. Lakini maji yake yalikauka kabla ya saa sita. Ya kwako yangekauka lini?"