Komeo la Nje

Shemeji yangu, mume wa dada, alipenda sana kusifiwa. Aliponunua pikapu, aliifunika bodi ya nyuma kwa kibanda cha bati chenye mlango, akautangazia mtaa mzima kwamba anaipeleka familia kupiga kambi ziwani. Akamwita seremala atengeneze kitanda humo, chenye droo za vyombo chini yake.

Seremala alikuwa mpole. Penseli nyekundu haikumtoka sikioni, mwisho wake umetafunwa. Siku ya tatu, karibu na adhuhuri, nilimsikia akisema, "Bosi, mlango una komeo la nje tu. Tuweke na la ndani. Watoto watalala humu."

"Gari lako au langu?"

"Lako, bosi. Ila watoto ni watoto."

Shemeji alichukia kukosolewa na mtu mwenye vumbi la mbao kichwani. Nilikuwa jikoni namenya viazi nikaanza kusikia ngo, ngo, ngo. Nikauliza kuna nini. "Fundi anapigilia misumari," akanijibu shemeji, mdomo umejaa chakula. Nikaamini, na najuta mpaka leo. Jua lilikuwa kali ajabu. Kugonga kulikoma saa nane.

Shemeji alipokwenda kufungua komeo alilomfungia fundi, alimkuta maiti. Watu wakaambiwa ni presha. Mimi niliziona kucha zake zilivyovunjika. Dada akanisihi ninyamaze kwa ajili ya watoto, nami nikanyamaza. Kabla hatujamzika, mjane wake alimrudishia penseli yake sikioni kwa mkono wake mwenyewe. Lakini kimya kingi kina mshindo.

Baada ya wiki sita tukaenda ziwani. Ilikuwa mchana, mawingu yametanda, kuna baridi. Shemeji akaingia nyuma kutandika magodoro. Mtoto mdogo wa dada akanivuta sketi.

"Mama mdogo, yule fundi yumo ndani na baba."

"Anafanya nini?"

"Anampima."

Mlango ukajifunga. Komeo likashuka lenyewe, tunaliangalia.

Ngo. Ngo. Ngo.

Dada akalivuta, halikutikisika. Nikalivuta mimi, likaniunguza kiganja. Bati lote lilikuwa la moto, na jua hakuna.

"Fundi, nisamehe!" shemeji alilia mle ndani.

Sitaficha. Dada alikuwa akilia, na moyo wangu ukasema: mwache agonge.

Saa nane kukawa kimya. Komeo likainuka.

Shemeji alikuwa amelala kitandani, amenyooka, midomo imepasuka, nywele zimejaa vumbi la mbao. Hakuwa na uhai. Sikioni alikuwa na penseli nyekundu. Mwisho wake uliotafunwa ulikuwa bado una mate.

Na upande wa ndani wa mlango, ambako awali hapakuwa na kitu, sasa palikuwa na komeo jipya. Lilikuwa limepigiliwa chini kabisa, mahali mkono wa mtoto unapofika.